Mali Ikishauzwa Hairudishwi? Hukumu ya Kununua na Kuuza Kadi ya Kompyuta Yenye Ila

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyeufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Tumepokea swali kutoka kwa kijana wa Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Tumeona tulijibu kwa urefu, kwani vijana wengi siku hizi wananunua vifaa vya kompyuta vilivyotumika, na maneno aliyoambiwa yeye na muuzaji wake wameshaambiwa wengi kabla yake.

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, mimi ninafanya kazi ndogondogo hapa mpakani. Mwaka mzima nimeweka akiba ili niunde kompyuta ya nyumbani, ya kuchezea gemu na kuhariri video za harusi ambazo hunipatia riziki kidogo. Keisi, madabodi, prosesa na RAM nilivipata salama. Kadi ya grafiki nilinunua kwa mtu mmoja Sumbawanga kwa shilingi 280,000. Aliniambia ni RX 580 ya GB 8, imetumika nyumbani kidogo tu. Niliijaribu kwake kama dakika kumi, ikafanya kazi vizuri. Baada ya wiki mbili skrini ikaanza kutoa mistari na vidoto vya rangi, na kompyuta ikawa inazima kila nikifungua gemu. Niliendelea nayo siku nne nikidhani tatizo ni programu. Kisha nikaipeleka kwa fundi. Alipoifungua akasema kadi hii ilikuwa ikichimba sarafu za mtandao, na akanionyesha kwamba si RX 580 kamili bali ni ile ndogo yake. Nilipomrudia muuzaji alinijibu: "Mali ikishauzwa hairudishwi, na uliijaribu mwenyewe." Rafiki yangu ananishauri niisafishe, niipake dawa mpya, nimuuzie mtu wa Mbala, ng'ambo, ambaye hanijui wala si Muislamu. Pesa ile ni jasho langu. Je, nina haki gani kwa aliyeniuzia? Na je, ninaweza kuiuza kama nilivyouziwa?

JIBU KWA UFUPI

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, una haki ya kuirudisha kadi hiyo na kupewa pesa yako yote, madhali hukuijua ila yake uliponunua na umeacha kuitumia tangu ulipoijua. Kauli ya "mali ikishauzwa hairudishwi" haimsafishi muuzaji aliyeficha ila au aliyeitaja mali kwa sifa isiyokuwa nayo. Ama kumuuzia mtu mwingine bila ya kumwambia ni haramu, awe Muislamu au asiwe, awe Kasesya au ng'ambo. Uliyofanyiwa hayakuhalalishii wewe kuyafanya. Ufafanuzi wake ni huu ufuatao.

TUIFAHAMU MALI KABLA YA HUKUMU

Wanachuoni wetu wamesema kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Sisi si mafundi wa kompyuta, kwa hiyo kabla ya kuandika tuliwauliza mafundi wawili wa Darajani, Unguja, kila mmoja peke yake, na majibu yao yakaafikiana.

Kadi ya grafiki, ile vijana wanayoiita GPU, ni kifaa kinachochora picha tunazoziona katika skrini. Ndani yake mna prosesa yake yenyewe, kumbukumbu yake na feni zake. Prosesa hiyo ina vitengo vidogo vingi vya hesabu vinavyofanya kazi kwa pamoja. Kwa ajili ya nguvu hiyo ya hesabu, watu duniani walizitumia kadi hizi kuchimba sarafu za mtandao, khasa ile iitwayo Ethereum. Kadi kadhaa zilifungwa kwenye fremu moja, zikawa zinafanya kazi usiku na mchana kwa miezi, au hata miaka. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha utaratibu wake, na kazi ya kadi hizo katika sarafu hiyo ikaisha siku moja. Wenye nazo wakaziuza, na nyingi zikaingia katika masoko ya mitumba, zikasambaa mpaka kwetu.

Uadilifu unatutaka tuseme jambo moja. Si kila kadi iliyochimba sarafu ni mbovu. Wako wachimbaji waliopunguza umeme unaoingia katika kadi ili isipate moto sana, na kadi zao bado ni nzima. Lakini mara nyingi feni huwa zimechoka, dawa ya kupitisha joto imekauka, na kumbukumbu imeonja joto kali kwa muda mrefu. Wengine pia walibadilisha programu ya ndani ya kadi, iitwayo BIOS, ili ichimbe kwa kasi zaidi, na wakaiuza bila ya kuirudisha ya asili. Ndiyo maana mnunuzi anayeijua historia hiyo hutoa bei ndogo, au huacha kununua kabisa.

Jambo la pili ni jina. RX 580 ya asili, iliyotoka mwaka 2017, ina vitengo vya hesabu 2304. Baadaye kampuni ya AMD ilitoa nyingine, RX 580 2048SP, yenye vitengo 2048. Hiyo nayo ni bidhaa halali kwa jina lake. Udanganyifu huingia pale mtu anapoyaondoa maneno "2048SP" na kuiuza kwa jina la nduguye mkubwa.

Na kuna lililo baya zaidi ya hilo: kadi za zamani sana za NVIDIA zilizobadilishwa BIOS ili kompyuta izisome kwa jina la GTX 1050 Ti. GTX 1050 Ti ya kweli ina vitengo 768, lakini hizo za kughushi huwa na 192 tu. Mtu hununua jina na kupelekewa kitu chengine.

ILA NI NINI, NA NANI ANAWAJIBIKA KUISEMA

Katika vitabu vya fiqhi ya Imam Shafi'i, ambavyo ndivyo tulivyosomeshwa katika madrasa zetu za Zanzibar, ila inayorudisha mali ni kila jambo linalopunguza kitu chenyewe au thamani yake kwa namna inayomkosesha mnunuzi lengo sahihi, ikiwa kawaida ya vitu vya aina hiyo ni kusalimika na jambo hilo. Pima kadi hii kwa mizani hiyo. Kadi iliyotumika nyumbani kidogo, kama alivyoeleza muuzaji, kawaida yake ni kusalimika na uchovu wa kuchimba usiku na mchana. Ikiwa imechimba, thamani yake katika soko imeshuka. Basi ni ila, hata kama siku ya kuuzwa inawaka na kuonyesha picha nzuri.

Na hukumu ya kuificha ila inajulikana. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyorowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Tuzingatie: mtu yule hakuinyeshea nafaka yake kwa mkono wake. Mvua ilitoka mbinguni. Kosa lake lilikuwa kuiweka kavu juu na iliyorowa chini. Vivyo hivyo muuzaji anaweza kusema kwamba si yeye aliyechimba, yeye aliinunua hivyo hivyo. Tunamwambia: hukuulizwa nani aliyeirowesha, umeulizwa kwa nini umeificha.

Tena wajibu huu si wa muuzaji peke yake. Imepokewa kwamba Sahaba Wathila bin Al-Asqa' (r.a.) alimuona mtu ametoka sokoni na ngamia aliyemnunua. Naye Wathila alijua kuwa ngamia yule ana ila katika kwato, akamfuata mnunuzi na kumwambia, ingawa mwenye ngamia hakupendezwa. Akasimulia kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa si halali kwa anayeuza kitu kuacha kuibainisha ila yake, wala si halali kwa anayeijua ila hiyo kunyamaza. Hapa fundi ajitazame. Fundi anayepewa kadi aisafishe vumbi, aipake dawa mpya na kuing'arisha huku akijua kuwa makusudio ni kuificha ila kwa mnunuzi, ujira wake ni ujira wa kusaidia dhambi.

NG'OMBE ALIYEACHWA BILA KUKAMULIWA

Wafuga ng'ombe wa Ufipa watakifahamu vyema kisa hiki. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumuacha mnyama siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo amepewa hiari: akitaka atabaki naye, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Mnyama huyo hana ugonjwa. Kilichofanyika ni kumpa sura ya sifa asiyokuwa nayo. Kuibadilisha BIOS ya kadi ili isomeke kwa jina kubwa ni kukijaza kiwele kwa njia ya kisasa. Na kuiita RX 580 kamili ilhali ni 2048SP ni kuiuza mali kwa sifa ambayo haimo, na kwa kukosekana kwa sifa iliyotajwa katika mapatano, mnunuzi ana hiari ya kuvunja biashara.

KAULI YA "MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI"

Maneno haya yamechapishwa kwenye risiti za maduka mengi, na watu wameyazoea kama kwamba ni aya. Mafakihi walishaizungumzia kauli ya aina hii kwa jina la kuuza kwa sharti la kujitoa katika dhamana ya ila. Tutayagawa majibu yake mafungu matatu.

Kwanza, ikiwa maneno hayo hayakutajwa wakati wa mapatano, bali yameletwa baada ya ugomvi, au yamo katika karatasi uliyopewa baada ya kulipa, basi hayo si sharti. Sharti ni lile lililomo ndani ya makubaliano.

Pili, ikiwa yalitajwa na wote wakakubali, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kama alivyoipitisha Imam Nawawi katika Minhaj, ni kuwa muuzaji husalimika kwa ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, si zaidi ya hapo. Mnyama amevuliwa kwa sababu hula na kunywa, na maradhi yake hujificha. Kadi ya kompyuta si mnyama. Wanachuoni wa Kihanafi wamelipa sharti hilo nguvu zaidi katika ila, lakini sifa iliyotajwa kwa uongo ni mlango mwengine, na dhambi ya kuficha haiondoki kwa sharti lolote.

Tatu, yako mahali ambapo kauli hiyo ni sawa. Mtu akinunua kitu kizima, kisha akabadilisha nia au akakuta cha rahisi zaidi Kariakoo, hana haki ya kumlazimisha muuzaji arudishe. Hapo muuzaji akimkubalia amefanya hisani yenye malipo makubwa kwa Mwenyezi Mungu, na asipokubali hana lawama.

Ama kusema "uliijaribu mwenyewe", jaribio la dakika kumi halibainishi ila ambayo hutokea kadi ikipata moto kwa muda. Kinachoondoa haki ni mnunuzi kuijua ila na kuridhia. Kushika tu na kutazama hakuiondoi.

MASHARTI YA KURUDISHA

Haki hii ina mipaka, na wengi huipoteza kwa kutoijua.

1. Haraka. Katika madhehebu yetu, kurudisha kwa ajili ya ila ni pale pale ila inapojulikana, kwa kadiri ya desturi za watu. Aliyeijua usiku husubiri asubuhi. Aliyekuwa katika swala au chakula humaliza kwanza. Anayesubiri basi la kutoka Kasesya kwenda Sumbawanga hahesabiwi kuwa amechelewesha, lakini atume ujumbe siku hiyo hiyo na ashuhudishe watu wawili kwamba amevunja biashara. Zile siku nne ulizoendelea kuitumia ukidhani ni tatizo la programu una udhuru, kwani ulikuwa hujaijua ila.

2. Kuacha kuitumia. Ukiendelea kuichezea gemu baada ya fundi kukuambia, umeonyesha kuridhika na haki yako imeondoka. Itoe katika kompyuta na uiweke.

3. Kutoingiza ila mpya. Kitu kikipata ila nyengine mikononi mwa mnunuzi, haki ya kumlazimisha muuzaji akipokee husita. Muuzaji akikataa kukipokea hivyo, mnunuzi hulipwa fidia ya ile ila ya zamani. Fidia hupimwa kwa sehemu ya bei: ikiwa kadi nzima ingekuwa na thamani ya shilingi 320,000, na yenye ila hiyo ni 240,000, upungufu ni robo, basi utarudishiwa robo ya uliyolipa, yaani shilingi 70,000.

Utauliza: je, fundi kuifungua si ila mpya? Tuliposoma mlango huu tulipewa mfano wa yai, tikiti na nazi. Ubovu wa nazi haujulikani mpaka ivunjwe. Mnunuzi aliyeivunja kwa kadiri ya kuujua ubovu wake hurudisha, wala hadaiwi kwa kuivunja. Kuifungua kadi kwa ajili ya kuitazama ni mfano wa hilo. Lakini fundi akizidisha, akachoma moto au kubadilisha vipande, hiyo sasa ni ila mpya.

4. Matumizi ya wiki mbili. Muuzaji hana haki ya kukukata kodi ya siku ulizoitumia. Kanuni iliyothibiti katika Sunna ni kwamba manufaa ya kitu ni ya yule ambaye lau kingeharibika hasara ingekuwa yake, na siku hizo hasara ingekuwa yako.

5. Ushahidi. Hapa pana ugumu ambao hatutakuficha. Rukwa kwa miaka mingi ilipata umeme wake kutoka Zambia, na watu wa huko wanaujua umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Muuzaji anaweza kusema kwamba kadi imeungua kwako kwa umeme. Wakikhitalifiana juu ya ila kama ni ya zamani au mpya, na yote mawili yanawezekana, anayesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake. Ikiwa hali yenyewe inaonyesha kuwa haiwezi kuwa mpya, husadikiwa mnunuzi.

Kwa hiyo mistari ya skrini peke yake ni dai dhaifu. Dawa iliyokauka kwa matumizi ya muda mrefu, fundi mkweli akiishuhudia, ni dai lenye nguvu zaidi. Na dai lako lililo thabiti kuliko yote ni hesabu ya vitengo. Uliuziwa kadi ya vitengo 2304, umekuta 2048. Vitengo 256 havikupotea kwa umeme wa Kasesya. Anza na hilo.

Basi mwendee muuzaji kwa maneno mazuri ukiwa na shahidi na maelezo ya fundi kwa maandishi. Huenda naye alidanganywa, na hapo atakuwa na haki ya kumrudia aliyemuuzia. Mkitaka kusuluhishana, vunjeni biashara ya kwanza, kisha kama bado unaitaka kadi, uziane upya kwa jina lake la kweli na bei yake ya kweli. Asipokubali, waingizeni kati imamu wa msikiti au wazee wa mtaa. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo, na bidhaa za kughushi zina chombo chake nchini, nacho ni Tume ya Ushindani. Kudai haki yako si utovu wa subira.

JE, AMUUZIE MTU WA MBALA?

Hili ndilo lililotufanya tusilale na swali lako. Uchungu wako tunaufahamu. Shilingi 280,000 kwa mtu wa kazi ndogondogo si kitu kidogo, na shetani humjia mwenye uchungu kwa sura ya haki: "Nawe umedanganywa, rudisha chako." Lakini yule mtu wa Mbala hakuchukua chako. Ukimuuzia, hujarudisha haki yako, bali umeitwaa haki ya mtu wa tatu, na yule aliyekudhulumu amebaki na pesa zako salama.

Ama hoja ya kwamba si Muislamu, Qur'ani imeshaijibu. Katika Surat Aal Imran, aya ya 75, Mwenyezi Mungu amewalaumu watu waliokula amana za wengine wakidai kwamba hawana lawama yoyote kwa wasiokuwa wa dini yao, na akabainisha kwamba wanamsingizia Mungu uongo. Tusije tukawa na kauli ile ile tunayoisoma kwa kulaumiwa wenzetu. Na Waislamu wa Ufipa wanaishi na majirani ambao wengi wao ni Wakristo. Wananunuliana mahindi, wanazikana, wanakopeshana. Jirani huyo hatasoma Minhaj. Uislamu anausoma katika mizani yako.

Ikiwa haki ya kurudisha imeshindikana na unataka kuiuza, inajuzu kwa sharti moja: mbainishie. Mwambie ni RX 580 2048SP, fundi amesema imechimba sarafu, na hutoa mistari gemu likifunguliwa. Mwandikie katika ujumbe wa simu ili iwe kumbukumbu yenu. Wako mafundi wanaozinunua kadi kama hizo kwa ajili ya feni na vipande vyake. Utapata pesa ndogo, lakini ni yako. Na ukiivusha mpaka, ipitishe forodhani kwa jina lake. Zingatia pia kwamba ukiiuza kabla ya kumaliza madai yako kwa muuzaji wa kwanza, unakuwa umeyaacha mwenyewe.

NASAHA KWA ANAYETAKA KUNUNUA

Taja sifa kwa maandishi kabla ya kulipa: jina kamili, kumbukumbu ni GB ngapi, imetumika wapi na kwa kazi gani. Jibu la muuzaji ndilo litakalokuwa sharti lenu.

Omba hiari ya siku tatu. Sheria yetu inairuhusu kwa makubaliano, nayo ni dawa nzuri ya ila zinazotokea kadi ikipata moto. Katika siku hizo ifanyishe kazi nzito nusu saa au zaidi na utazame joto lake.

Tumia programu ya GPU-Z, ambayo hutolewa bure. Huonyesha idadi ya vitengo, na kadi nyingi za kughushi huziwekea alama. Ukikuta GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA la zamani, simama uulize, kwani kizazi hicho cha kadi hakikuwekewa njia hiyo.

Usisahau pawa saplai. RX 580 peke yake hutaka kiasi cha wati 185, na GTX 1050 Ti wati 75. Pawa saplai za bei ya chini sana huandikwa wati 500 wala hazifiki hapo. Anayeuza kwa maandishi hayo huku akijua, na ajipime katika Suratul Mutaffifin, maana wati nazo ni kipimo. Na kwa umeme wa kukatika, weka sitabilaiza.

Ukiagiza kutoka mbali kwa picha ya simu, madhehebu yetu hayapitishi kukinunua kitu maalumu ambacho hakijaonekana. Njia salama ni mbili: umuwakilishe mtu unayemuamini akakione, au muuzaji adhamini kukuletea kitu cha sifa zilizotajwa kikamilifu, kwa muda unaojulikana, ukilipa bei yote wakati wa mapatano. Wala muuzaji asikuuzie kadi maalumu ya mtu mwengine ambayo hajaimiliki. Kuhusu arubuni, Imam Shafi'i hakuipitisha, Imam Ahmad ameiruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa liliiruhusu katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 ikiwa muda wa kusubiri umewekewa mpaka. Aliyeichukua kauli hiyo hana lawama.

Kununua kwa awamu kwa bei ya juu kidogo kunajuzu ikiwa bei na muda vimekatwa siku ya mapatano. Kuongezewa deni kwa kuchelewa ni riba. Na kukopa kwa riba katika simu kwa ajili ya kifaa cha mchezo ni kununua furaha ya wiki kwa vita na Mwenyezi Mungu.

NA GEMU LENYEWE?

Asili ya mchezo ni uhalali, madhali hauna kamari, picha za uchi, wala hauipitishi swala. Tahadharini na magemu yanayouza visanduku vya kubahatisha, unalipa bila kujua utapata nini. Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa sheria yetu, iliviingiza katika kamari mwaka 2018. Sisi tuna haki zaidi ya kuliona hilo. Na kompyuta inayohariri video za harusi kwa riziki mchana, ikachezewa kidogo baada ya Isha, mwenyewe akaamka Alfajiri, hatuoni ubaya wake.

HITIMISHO

Ndugu yetu wa Kasesya, itoe kadi katika kompyuta leo, mjulishe muuzaji leo, chukua maneno ya fundi kwa maandishi. Huenda ukapata pesa yako yote, huenda ukapata nusu, huenda usipate kitu duniani. Lakini udhalimu ulioanzia kwa mtu tusiyemjua ukapita Sumbawanga, ukifika mikononi mwako uishie hapo, usivuke mpaka kwenda Mbala. Atakayeacha kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu humpa badala iliyo bora.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu akurudishie haki yako, amuongoze aliyekuuzia, na atubarikie sote katika kununua na kuuza kwetu. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.